Hatua Ishirini Kutoka Mtoni

Asubuhi Halmashauri ilikuwa na nyumba nne za wafanyakazi wake. Kufika adhuhuri zilikuwa zimebaki mbili, na hakuna hata tofali moja lililokuwa limefyatuliwa.

Hakuna aliyeziiba. Zilipungua kwa utaratibu, kwa kupendekezwa na kuungwa mkono. Fedha zilikuwa zimepitishwa katika makadirio ya mwaka 1957, na Kamati ya Nyumba ilikutana Garsen kuamua ni nani wangejengewa kwanza. Mwenyekiti wake, Mzee Kassim Tuneya, mtu wa duka, tumbo na baiskeli, alifungua kikao kwa swali. Wajumbe wataamuaje habari ya watu kulala pazuri, ilhali wao wenyewe wamekalia magogo? Wajumbe wakainuka kidogo, wakatazama walichokalia, wakaona ni magogo kweli. Nyumba ya kwanza ikageuka viti tisa vya mkono na meza. Mjumbe mwingine akasema viti vya namna hiyo haviachwi mahali wazi, mbuzi watavipanda. Nyumba ya pili ikageuka ua wa senyenge.

Baada ya chakula cha mchana, nyumba ya tatu ikageuka banda la kuanikia ngozi. Hoja yenyewe haikuwa na mpinzani: ngozi isipoanikwa vizuri haileti ushuru, lakini mtu huleta kodi hata akilala nje.

Nje, chini ya dirisha, Dhadho alikuwa amechuchumaa akihesabu kwa vidole. Alikuwa mvuta waya wa pantoni, mmoja wa wale wanaume sita waliovusha gari, mbuzi na mheshimiwa kwa nguvu za mikono na nyimbo. Asubuhi aliwavusha wajumbe watatu waliotoka ng'ambo, na jioni ilimpasa awarudishe. Kila nyumba ilipokufa alikunja kidole. Sasa alikuwa amebaki na kidole kimoja kimesimama, naye alikitazama kwa huruma.

Ndani, mzozo ulianza upya. Kila mjumbe alikuwa na mtu wake. Huyu alimtaja mwalimu, yule alimtaja mganga wa zahanati. Mzee Kassim, akijipepea kwa kofia, alimtaja Ngumbao, mkaguzi wa ngozi, ambaye kwa bahati tu alikuwa mpwa wa mkewe. Mvuta waya hakutajwa na mtu. Dhadho alikuwa ametoka juu huko mtoni, siku nyingi za mwendo, na katika chumba kile hakuwa na mjomba wala shemeji.

Saa za alasiri Mzee Dukicha alisimama. Alikuwa mjumbe wa Waorma, mrefu kupita mlango, na subira ilikuwa imemwishia tangu habari ya viti.

"Mimi hapana na mtu hapa," alisema. "Sisi nyumba nafunga juu ya ng'ombe, nahama. Lakini mwaka juzi, maji nakuja, nakula nyumba ya nani? Ya mtu nakaa karibu. Basi pima! Nani iko karibu na mto, yeye kwanza. Mimi nataka kwenda, ng'ombe yangu nakunywa saa hii."

Wote wakakubali, si kwa haki ya jambo lenyewe, bali kwa sababu kila mmoja aliamini mtu wake ndiye aliye karibu na mto. Karani wa Halmashauri, Changawa wa Iha, kijana mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni, aliandika azimio na kulisoma kwa sauti: nyumba iliyo ndani ya hatua ishirini kutoka ukingo wa mto ndiyo itakayofikiriwa, na iliyo karibu zaidi ndiyo itakayopewa. Mzee Kassim alitabasamu. Nyumba ya Ngumbao alikuwa akiipita kila siku, na kwa miguu yake mwenyewe alijua ni hatua kumi na tisa.

*

Dhadho alipofika nyumbani hakusalimia. Alisimama mlangoni, akatazama mto, akaanza kutembea kama mtu anayepima kaburi.

"Ishirini na mbili," alisema alipofika ukingoni. Akarudi, akaanza tena kwa hatua ndefu. Alipofika ya kumi na tano shuka aliyojifunga kiunoni ilipasuka.

Mkewe, Mwanaarusi, alikuwa akichambua mchele kizingitini, tumbo la miezi sita likiwa limemtangulia. Binti yao Halima, wa miaka miwili, alikuwa akimfuata babake nyuma akihesabu maneno yasiyo hesabu.

"Baba Halima, umepotewa na nini?"

Dhadho akamweleza. Alipomaliza, Mwanaarusi aliweka ungo chini.

"Hatua mbili tu?"

"Mbili tu. Mto ukila hatua mbili kabla hawajaja kupima, tumeingia kwenye hesabu."

"Hatua mbili hizo ndipo ilipo migomba yangu."

Migomba ile mitano, mkewe aliipanda mwenyewe pale kwenye udongo mweusi wa ukingoni, na ndiyo iliyowalisha mshahara unapochelewa. Lakini Mwanaarusi naye aliijua haja ya nyumba kuliko mtu yeyote. Miaka miwili nyuma maji yalipoingia ndani usiku na mchana, walihamia juu ya pantoni kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kikielea, wakalala hapo siku tisa. Siku ya sita uchungu ulimshika. Halima alizaliwa juu ya mbao, mbele ya malori mawili na Land Rover ya serikali, na madereva wote walishangilia kama mpira umeingia golini. Tangu hapo kila lori lililovuka lilipiga kelele, "Pantoni hajambo?" na mtoto aliitika kwa jina hilo. Wengine waliona ni mzaha. Mwanaarusi hakuwahi kucheka hata siku moja. Aliona haya, na haya ile ilikuwa haijapoa.

"Nisikilize," alisema. "Huyu aliyemo tumboni nitamzaa chini ya paa langu. Sizai tena mbele ya madereva. Nyumba tafuta unavyotafuta, lakini migomba yangu usiiguse."

*

Kwa majuma matatu Dhadho akawa mtu pekee katika bonde zima la Tana aliyefurahi kuona ardhi yake ikiliwa. Wenzake waliamka wakitazama mto kwa hofu, yeye aliutazama kama mtu anayemsubiri mdeni wake. Mvua za bara zilikuwa zimeanza, maji yalipanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini mto ulikula kwa mganga kidogo, ukala kwa mwalimu kidogo, na kwa Dhadho haukula kitu. Mizizi ya migomba ilikuwa imeshikilia udongo barabara.

Siku moja mchana kweupe Mwanaarusi alitoka nje akamkuta mumewe ukingoni na jembe.

"Unalima nini hapo?"

"Natengeneza tu."

"Unatengeneza kwa kumwaga udongo majini?"

"Nilikuwa napunguza... napunguza magugu."

Mwanaarusi alimnyang'anya jembe bila kupandisha sauti, jambo ambalo kwa Dhadho lilitisha zaidi. Akapiga goti kwa shida, akaanza kukandamiza udongo kwenye mashina kwa viganja.

"Mimi naomba mto usile, wewe unaomba ule," alisema. "Mungu atamsikiliza nani katika nyumba hii?"

"Tumbo lako linaomba nini?" Dhadho aliuliza.

Mkewe aliendelea kukandamiza, lakini polepole.

*

Wapimaji walikuja siku ya Jumanne, watatu: Mzee Kassim juu ya baiskeli yake, Mzee Dukicha kwa miguu, na karani Changawa na daftari. Walikuwa wametoka kwa mwalimu na kwa mganga, ambako hatua zilipita ishirini, na kwa Ngumbao, ambako kila mtu alijua jibu. Kumi na tisa.

Palikuwa na ugomvi mdogo kwanza. Azimio lilisema hatua ishirini, lakini halikusema za nani. Changawa alijaribu kwa miguu yake mifupi akapata ishirini na saba. Mzee Dukicha akatembea kama korongo, akapata kumi na saba.

"Hapana," alisema Mzee Kassim. "Twiga hapimi, na sungura hapimi. Atapima Mwenyekiti. Wewe, karani, kazi yako ni kuhesabu na kuandika. Nikinyanyua mguu, wewe hesabu. Usiulize."

"Ndiyo, mzee."

Mzee Kassim aliegemeza baiskeli kwenye mgomba wa mwisho, kivulini, akakunja mikono ya kanzu. Mwanaarusi akatoka mlangoni.

"Wazee wangu, mtafanyaje kazi kwangu hamjala? Mnataka watu waniseme?"

Wageni hawakubisha sana. Katika nchi ile hakuna mgeni anayeshika kazi ya mtu kabla ya kuonja chakula chake, na harufu ilikuwa imeshawafikia tangu njiani. Mwanaarusi alikuwa ameamka alfajiri. Alikuwa amepika wali wa mpunga wa mtoni, kambare wa nazi, na ndizi zilizoungwa. Nazi alikopa kwa jirani, sahani kwa jirani wa pili, na mkeka ulikuwa wa jirani wa tatu, ambaye alisimama uani kuhakikisha haumwagiwi mchuzi. Fikira yake ilikuwa nyepesi na nzuri: mtu aliyekula kwako hawezi kukuhesabia vibaya.

Mzee Kassim alikula sahani ya kwanza, akaletewa ya pili. Ya tatu alisema hapana, hapana kabisa, na akaimaliza.

Kisha akainuliwa na watu wawili, akaenda mlangoni, akaanza kupima.

Alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Mguu ulinyanyuka kidogo, ukashuka karibu pale pale. Dhadho aliona, akamsogelea mkewe.

"Mama Halima," alinong'ona, "umemshibisha mno. Hatua zimefupika!"

Mwanaarusi alishika mdomo. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Ishirini na tatu... ishirini na nne," Changawa alimaliza pale penye migomba.

"Ishirini na nne," alikariri Mzee Kassim, akapiga mbweu ya heshima. "Pole sana, Dhadho. Umetukirimu, Mungu akulipe. Lakini azimio ni azimio."

Alirudi akaketi kizingitini, akaomba chai ili chakula kishuke. Mzee Dukicha alitazama pembeni kwa uchungu. Mwanaarusi alimpelekea mwenyekiti chai yake, akaingia ndani, akalia. Alilia kwa sababu ya nazi ya kukopa, na kwa sababu ya madereva, na kwa sababu alikuwa amepika vizuri.

Ndipo sauti ikasikika. Haikuwa kubwa, ilikuwa kama mtu mnene anayekaa kitandani. Mgomba wa mwisho uliinama taratibu kuelekea mtoni, na kengele ya baiskeli ikalia mara moja.

"Baiskeli yangu!"

Hakuna aliyejua kwamba Mzee Kassim angeweza kukimbia hivyo. Kikombe kilienda huku, kofia kule. Sahani tatu za wali zilimfuata kwa mbali. Alivuka ua kwa madaha ya swala, kanzu imeshikwa magotini, na alipofika penye migomba hapakuwa tena na migomba. Mitano yote ilikuwa imekwenda na kipande cha ardhi upana wa chumba. Baiskeli ilionekana kwa mara ya mwisho gurudumu juu, ikielekea Kipini, baharini.

Mzee Kassim alisimama kwenye ukingo mpya, anahema. Karani Changawa alikohoa.

"Kumi na nne," alisema.

"Nini kumi na nne?"

"Hatua, mzee. Kutoka mlangoni mpaka hapo. Uliniambia ukinyanyua mguu nihesabu, nisiulize."

"Mjinga wewe! Nilikuwa nakimbia!"

Changawa alifungua daftari kwa adabu zote. "Azimio halisemi kutembea, mzee, wala halisemi kukimbia. Linasema hatua. Na ni za Mwenyekiti."

Mzee Dukicha alicheka mpaka akaketi chini. "Mimi naunga mkono!" alisema. "Naunga mkono mara mbili!"

Mzee Kassim alifungua mdomo kupinga. Wakati huo ufa mwembamba ulijitokeza kwenye udongo baina ya miguu yake. Aliutazama, akarudi nyuma, akarudi tena nyuma.

"Andika," alisema. "Andika twende."

Dhadho aliruka, akamkimbilia mkewe. Alimkuta amesimama mlangoni, machozi bado mashavuni, anatazama mahali ilipokuwa migomba yake.

"Tumepata nyumba," alisema Dhadho.

"Nimeona," alisema Mwanaarusi. "Ndizi zilikuwa zimebakiza juma moja kuiva." Akaanza kucheka, na huku anacheka analia, na hata yeye hakujua kipi ni kipi.

*

Nyumba ilipitishwa na kamati, ijengwe ng'ambo palipoinuka, karibu na ofisi yenye ua wa senyenge. Kikao hicho hicho kilikuwa na jambo moja la dharura. Mwenyekiti alikuwa amepoteza chombo chake cha safari akiwa kazini, na Halmashauri yenye heshima haimwachi mtu wake atembee kwa miguu. Fedha ilipatikana. Milango ya nyumba ya Dhadho na madirisha yake yakageuka baiskeli mpya, nyeusi, yenye taa.

"Kuta zitakuwa za udongo," Changawa alimweleza Dhadho, bila kumtazama usoni. "Lakini bati zimebaki. Bati nilizitetea. Zinatoka Malindi."

"Lini?"

"Zikifika."

Kuta zilisimama ng'ambo zikiwa wazi juu, zikanyeshewa. Bati hazikuja mwezi ule, wala mwezi uliofuata. Maji yaliendelea kupanda. Asubuhi moja Mwanaarusi aliamka akashusha mguu kitandani, na mguu ukaingia majini mpaka kwenye kifundo. Hakupiga kelele. Alifunga vitu vyake katika kanga, akamtwika Halima sufuria, akashuka kivukoni. Alikusudia kuvuka, akae hata ndani ya kuta zisizo na paa, maadamu mto haufiki.

Kwenye pantoni palikuwa na lori moja tu, limejaa tope tangu Tarasaa, na mama mmoja wa Kigiriama aitwaye Kadzo, aliyekuwa akipeleka nazi ng'ambo. Mvua ilikuwa ikimwagika. Wavuta waya walishika kazi, Dhadho akiwa wa mbele, na chombo kikaondoka.

Walipofika katikati ya mto Mwanaarusi aliketi ghafla juu ya kifurushi chake.

"La," alisema. "La, la, la. Si hapa."

Mama Kadzo alimtazama mara moja, akajua. "Ni hapa, mwanangu," alisema. "Huyu hakuulizi."

Dhadho aligeuka kumtazama. Mkondo ulikuwa mkali, na waya ulikuwa ukilia kwa kukazwa. Angeuachia, wote wangeifuata baiskeli ya Mzee Kassim.

"Vuta!" Mwanaarusi alimpigia kelele. "Usinitazame! Mtu yeyote asinitazame!"

Wanaume sita wakageuza migongo, wakavuta. Hakuna aliyethubutu kuimba. Dereva wa lori, mtu mmoja mkimya aitwaye Kalla, alikuwa amesimama amelowa hajui atie wapi macho, mpaka Mama Kadzo alipomfokea.

"Wewe! Umebeba nini humo ndani? Mtoto atazaliwa mvuani?"

Kalla alipanda juu ya lori mbio, akafungua turubai, akaanza kushusha vipande vipana, vyembamba. Alilaza kimoja kutoka ubavu wa lori mpaka kwenye kizuizi cha pantoni, akalaza cha pili, cha tatu, mpaka cha nane. Akafunga mbele kwa turubai. Mvua ikahamia juu, ikapiga kelele kubwa kuliko sauti ya mtu yeyote, na chini pakawa pakavu, na giza kidogo, na hakuna aliyeweza kuona ndani. Halima alichungulia, akavutwa sikio, akaingizwa naye.

Dhadho alivuta. Alivuta huku machozi yanachanganyika na mvua, anamwomba Mungu kwa lugha ya kwao, na safari hii hakuwa na ombi ila moja. Zilikuwa zimebaki kama hatua kumi kufika ng'ambo aliposikia mtoto akilia, kwa nguvu, kwa hasira, juu ya kelele zote zile.

"Mwanamume!" Mama Kadzo alitangaza.

Halafu ikaja sauti ya mkewe, imechoka.

"Baba Halima."

"Naam!"

"Hizi bati za nani?"

Dhadho alimtazama Kalla. Kalla alitoa mfukoni karatasi iliyolowa, akaisoma midomo ikitembea. "Halmashauri," alisema. "Nyumba ya mvuta waya."

"Ni zetu, Mama Halima," Dhadho alisema. "Ni zetu hizo."

"Basi usimwambie mtu nimezaa kwenye pantoni," alisema Mwanaarusi. "Waambie nimezaa nyumbani."

Pantoni iligusa ukingo. Pale juu, chini ya mwavuli, walikuwa wamesimama Mzee Kassim na baiskeli mpya, na Changawa na daftari, wamekuja kupokea mali ya Halmashauri. Mzee Kassim aliona mabati yamefunguliwa, yamepangwa, yamefungiwa turubai, akapandwa na hasira.

"Nani amefungua bati hizi kabla hazijapokelewa?" alifoka. "Dereva! Nani amekupa ruhusa?"

Kalla alifuta maji usoni, akatazama kile kibanda chake, kilimotoka sauti ya mtoto.

"Si mimi, mzee," alisema. "Wenye nyumba wameshahamia."